Alumini yenye chembe: joto linakimbilia wapi?

Programu yangu imeanza kutoa michoro ninayoiamini, kwa hiyo naandika nilipofika. Ninachofuatilia ni alumini 6061 (aloi ya kawaida ya alumini) iliyochanganywa na chembe ngumu za kauri ya silikoni kabaidi, asilimia 20 ya ujazo, ikigongwa kwa kasi huku ikiwa na joto la nyuzi 200. Chembe zimekaa humo kama kokoto kwenye zege. Zenyewe hazibonyei, kwa hiyo alumini ndiyo inayobeba mbonyeo wote: kipande kizima kikibonyea asilimia 30, alumini kwa wastani imebonyea karibu asilimia 38.

Msingi ni mlinganyo wa Johnson na Cook wa mwaka 1983, unaokadiria uimara wa metali kwa kuzidisha sehemu tatu: ugumu unaoongezeka metali inavyobonyea, mchango wa kasi ya kubonyea, na kulegea kwa joto. Kwa 6061 namba ya kasi ni ndogo sana, takriban 0.002. Kasi basi inafanya kazi yake kubwa kupitia joto, na hapo ndipo mradi uliponinogea.

Kwenye pau za Hopkinson (kipimo ambacho kipande hugongwa katikati ya vyuma viwili virefu), kwa kasi ya kubonyea ya 3000 kwa sekunde, pigo lote huisha ndani ya maikrosekunde 100. Joto linalozaliwa haliwahi kutoka kwenye kipande cha milimita 5. Lingehitaji kama theluthi ya sekunde. Lakini kuvuka maikromita 10 linahitaji maikrosekunde moja na kitu tu! Chembe ndogo zinawahi kunywa sehemu yake. Chembe za maikromita 100 haziwahi, pigo linaisha alumini ikiwa bado imebaki na sehemu kubwa ya joto lake.

Nikichukua mkazo wa megapaskali 400, na asilimia 90 ya kazi ya kubonyeza igeuke joto, joto likigawanywa kote linapanda nyuzi kama 45. Likibaki kwenye alumini peke yake, kama 55. Mlinganyo wenyewe haujui ukubwa wa chembe, ila ukubwa huo unaingia kupitia mgawanyo huu wa joto.

Nyuzi kumi za wastani zinapunguza uimara kwa asilimia moja au mbili tu, na sitaki kuzikuza. Ninachokitaka kiko kwenye kona za chembe, ambako mbonyeo unazidi wastani kwa mbali. Sasa natengeneza kipande cha mfano chenye chembe moja ya kona kali, na hesabu itaanzia kwenye kupoa baada ya kutengenezwa, kwa sababu alumini hunywea zaidi ya silikoni kabaidi mara tano hivi, na mkazo unaoletwa na tofauti hiyo umo tayari kabla ya pigo la kwanza.