Betri ya Jumapili Ile

Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ilikata jana usiku tukiwa mezani. Yuniti nilikuwa nimenunua Ijumaa, na kwa hesabu yangu zingefika Jumatano bila shida. Nikauliza gizani nani aliacha pasi kwenye umeme. Kimya. Mpwa wangu ana miaka 13. Kwa mwanga wa simu nilimwona ameinamisha kichwa, anakwangua kucha ya kidole gumba. Kimya kile nakijua. Nikashindwa kuuliza mara ya pili, nikanunua yuniti nyingine kwa simu, tukaendelea kula.

Mimi nilinyamaza vile vile tarehe 12 Agosti 2012, kwetu Busia, upande wa Uganda, nikiwa na miaka 14.

Nyaya za umeme zilipita barabarani, lakini kuuvuta hadi kwetu kulihitaji pesa ambayo pensheni ya Mzee haikuwa nayo. Runinga yetu ya inchi 14, ile ya picha nyeusi na nyeupe, ilitumia betri ya gari. Betri ilikaa chini ya meza juu ya kipande cha ubao, maana Mama aliogopa asidi isile sakafu. Kuichaji ilikuwa shilingi 1,500, kwa jamaa mmoja upande wa Sofia. Mzee alikuwa na sheria zake. Runinga ni ya taarifa ya habari tu. Na betri haipelekwi kuchajiwa mpaka ife kabisa, kwa sababu kupeleka betri yenye moto ni kumlipa mtu kwa kazi ambayo hakuifanya. Hata mawe ya redio, zile betri ndogo, yalianikwa juu ya bati, yakang'atwa kidogo kwa meno, yakarudi kazini. Ndivyo alivyotusomesha wote sita, kwa hiyo sheria zile sizibezi.

Wiki ile alivunja sheria moja. Olimpiki ya London ilikuwa inamalizika, na kwenye marathoni ya wanaume alikuwamo kijana wa Kapchorwa, Stephen Kiprotich, askari magereza. Mzee alistaafu magereza. Hakuwahi kuonana na Kiprotich hata siku moja, lakini alimwita "kijana wetu", utadhani waliwahi kushika zamu pamoja kwenye geti moja. Ijumaa akapeleka betri. Jumamosi jioni akairudisha kwa baiskeli, ameifunga nyuma kwa mpira, akatuambia isiguswe mpaka kesho saa saba mchana.

Saa tano usiku, wamelala, niliigusa. Wajamaika walikuwa wanakimbia mita 100 mara nne. Nilifunga sauti yote, pua yangu karibu na kioo, mkono kwenye swichi. Sekunde 36.84, rekodi ya dunia, na mimi siwezi hata kupiga kelele. Nilikaa kama dakika 40, kisha nikarudisha klipu kama nilivyozikuta, nyekundu imelalia ukuta.

Kesho yake sebule ilijaa. Majirani walikuja, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, maana Busia ni mbili na antena yetu yenyewe ilitazama Kenya. Mzee alivaa shati alilopiga pasi ya mkaa asubuhi.

Wamekimbia zaidi ya saa moja na nusu, wamebaki watatu: Abel Kirui na Wilson Kipsang wa Kenya, na kijana wetu hatua chache nyuma. Hapo picha ikaanza kujivuta ndani. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Ukanda mweusi ukatokea kushoto, mwingine kulia, na wakimbiaji wakazidi kuwa wembamba, miguu kama njiti za kiberiti. Mzee akapunguza mwanga. Akapunguza sauti mpaka mtangazaji akawa ananong'ona. Mama akaondoa kitambaa cha kufuma juu ya runinga, sijui kwa nini. Mzee akapiga magoti, akashika klipu, akaikaza, akaizungusha, cheche ikaruka, picha ikapanuka kidogo, watu wakasema "Eeeh!" Kisha ikasinyaa tena, ikawa mstari, ikawa nukta nyeupe. Nukta ile ilikawia. Wote tuliitazama mpaka ikazimika.

Mzee alibaki chini ameshika klipu. Hakugeuka.

Baada ya kitambo kidogo tukasikia kelele za watu wengi. Akatoka uani, tukamfuata. Busia, ukisikia kelele kama zile, swali la kwanza ni zimetoka upande gani. Alisimama ametega sikio, mkono mmoja hewani kutunyamazisha. Kelele zilikuwa za huku, kutoka kibanda cha video chenye jenereta. Jirani Mkenya alipiga simu kwake, akasikiliza, akaja akampa Mzee mikono miwili: "Hongera, Afande."

Saa 2:08:01. Dhahabu ya pili ya Uganda tangu tupate uhuru. Ya kwanza ni ya John Akii-Bua, Munich 1972, na ile Mzee aliisikia redioni. Hii ya pili ameisikia akiwa uani.

Jumatatu alikwenda kwa mchaji. Walitukanana mbele ya watu. Tangu siku hiyo betri yetu ilichajiwa mbali zaidi, kwa bei zaidi, na yule jamaa alibaki mwizi nyumbani kwetu hadi leo.

Sasa mimi ni fundi umeme, na hesabu hii nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Runinga ile ilikula wati 18 hivi, sawa na ampea moja na nusu. Dakika 40 ni ampea-saa moja tu, kwenye betri ya 50. Betri nzima haiwezi kufa kwa hiyo. Labda jamaa aliichaji nusu kweli. Labda betri ilishaharibika, kwa kuwa betri ya gari huharibika mabamba yake ukiizoesha kufa kabisa kabla ya kuichaji, jambo ambalo Mzee alilifanya miaka yote kwa nia njema. Hilo ndilo siwezi kumwambia. La kwangu labda ningeweza, lakini nikilianza lazima nifike na hilo.

Pasaka alituhadithia tena. Mpwa wangu akamwuliza babu yake, "Jaja, ulijuaje ni yeye?" Mzee akamjibu, "Nani mwingine?" Nikainuka kwenda kuongeza chai.

Leo asubuhi nimeikuta pasi kabatini, waya umezungushwa vizuri, kitako kimefutwa. Mpwa wangu alishaondoka kwenda shule. Anarudi saa kumi na moja.