Mahindi yanayoficha ubaya wake

Dodoma, Juni, usiku

Msimu wa kupukuchua mahindi umefika, na mimi bado naandaa kozi ya mtandaoni ya maafisa ugani kuhusu sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Nimeijenga kama hadithi yenye njia panda. Afisa anafika kwa mama mmoja huko Chemba, mahindi yako uani, na kila hatua anachagua ushauri wa kumpa: aanike wapi, ahifadhi kwenye nini, punje mbovu azipeleke wapi. Kila chaguo lina njia yake.

Njia zenyewe hazinisumbui. Machaguo 3 katika hatua 4 yanazaa miisho 81, na hakuna wa kuiandika yote, kwa hiyo nyingi nazirudisha kwenye barabara moja, programu ikumbuke tu kama mahindi yalianikwa kwenye turubai au kwenye udongo. Twine, programu ya kuandikia hadithi za njia panda, inafanya hivyo bure.

Kinachoniweka macho ni mrejesho. "Umekosea, jibu sahihi ni B" haumfundishi kitu mtu aliyekaa vijijini miaka mingi. Nataka matokeo yaseme yenyewe: ukimshauri vibaya, uone yanayompata mama yule.

Ila sumukuvu haionekani. Kuvu unaweza kuwaona, lakini sumu yao haina harufu wala ladha, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016, hapa Dodoma na kule Manyara, watu walikula ugali wa kila siku, wakaanza kuvimba matumbo na macho kuwa ya manjano. Wagonjwa 68 walibainika, 20 wakafariki. Sasa nikionyesha mahindi mabaya yamekuwa meusi na yananuka, nitakuwa nimemthibitishia afisa imani ileile tunayopambana nayo, kwamba jicho linatosha.

Kwa hiyo baada ya ushauri mbaya naonyesha kile ambacho mama angekiona kweli: gunia limejaa, punje safi, watoto wanakula na kushiba. Hadithi inasonga. Baadaye sana mahindi yanafika sokoni Kibaigwa, mnunuzi anapima, na kipimo kinapita mikrogramu 10 kwa kilo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki. Hapo ndipo afisa anarudishwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi siku ile mahindi yalipomwagwa chini yakiwa na unyevu.

Mwenzangu wa kazi amenipinga leo. "Dada, mtu akikosea aambiwe palepale, la sivyo kosa litamkaa." Kwenye ufundi nakubaliana naye kabisa. Kile kipimo cha chumvi, kwa mfano: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi kidogo, unatikisa; chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Anayekosea hapo asahihishwe papo hapo. Lakini uamuzi ambao shambani hujibiwa baada ya miezi, nikiujibu kwa sekunde moja nitakuwa nimeuondolea ugumu wake wote.

Jambo jingine ninalolishikilia: kila chaguo baya liwe na sababu ya mtu mwenye akili. Mama anaanika chini kwa sababu turubai ni ghali. Punje mbovu anawapa kuku, au zinaingia kwenye pombe, kwa sababu katika mkoa huu wa mvua za kubahatisha kutupa chakula kunauma. Mrejesho ujibu sababu hiyo. Asiye na turubai haelekezwi kununua turubai. Afisa anaulizwa kama jirani anayo, kama kichanja cha miti kinaweza kujengwa, kama kuna mikeka.

Limebaki suala la bahati. Sumu hii haisambai sawasawa gunia zima, hivyo aliyekosea kila hatua anaweza kupimwa akapita. Kuliacha hilo litokee kwenye hadithi ni ukweli, lakini afisa atakayepita anaweza kuondoka akiamini alifanya vizuri. Naelekea kuliruhusu, kisha kwenye skrini inayofuata sampuli nyingine ichukuliwe kutoka gunia lilelile na kupimwa mbele yake.