Swali la baba alfajiri ile

Majira yote ya baridi saa zetu zilikuwa sawa. Darasa langu la mtandaoni lilianza saa kumi na mbili jioni kule Alaska, Marekani, na kwangu Pangani ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili. Mishale ilikaa palepale, tofauti ikawa giza na mwanga tu. Niliuzoea mpango huo tangu Novemba, nikasahau kabisa kwamba Jumapili ya pili ya Machi wenzetu husogeza saa zao mbele kwa saa moja.

Basi Jumatano moja ya Machi 2022 nikaamka mapema, nikawasha kompyuta saa kumi na moja na nusu nijiandae kwa utulivu, nikakuta wenzangu wote wameshaingia. Darasa lilikuwa na nusu saa tayari, na wa kwanza kuwasilisha siku hiyo nilikuwa mimi. Mikono ilinitetemeka. Mwalimu hakunikemea, aliniambia nitulie, nitazungumza mwisho.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya masuala ya Aktiki, yaani eneo la barafu la ncha ya kaskazini, na nchi za kaskazini. Niliianza nikiishi Fairbanks, mji wa Alaska, na mume wangu, ambaye alikuwa na kazi kule. Mama alipofariki nilirudi kukaa na baba, na kwa kuwa masomo yalikuwa ya mtandaoni sikulazimika kuyaacha. Hapa mjini waliniuliza mara nyingi: barafu na Pangani, wapi na wapi? Sikuwa na jibu la haraka. Nilijua tu kwamba mara ya kwanza niliposoma habari za kijiji kinachomegwa na bahari huko juu, niliuona ufukwe wetu.

Kijiji hicho ni Shishmaref, hukohuko Alaska. Kipo juu ya kisiwa chembamba cha mchanga kiitwacho Sarichef, katika Bahari ya Chukchi, kaskazini ya Mlango wa Bering. Wakazi wake ni Wainupiat, wenyeji wa asili wa kule, kama watu 600 hivi, wawindaji wa sili, mnyama wa baharini. Zamani bahari yao iliganda mapema kila mwaka, na barafu ile ikawa ngao: dhoruba za mwisho wa mwaka zilipokuja zilikuta maji yamefunikwa, hayawezi kuinuka. Siku hizi barafu inachelewa. Mawimbi yanaupiga ufukwe mtupu, na ardhi ya chini, ambayo ilikuwa imeganda mwaka mzima ikaushikilia mchanga kama saruji, inayeyuka na kuporomoka. Mwaka 2016 wanakijiji walipiga kura kama wahame au wabaki. Waliotaka kuhama walikuwa 89. Waliotaka kubaki, 78.

Kazi yangu yote niliijenga juu ya wale 89. Nilieleza gharama, kiwanja kipya, barabara, shule, nani alipe. Wale 78 niliwapa aya moja, nikiwataja kama kikwazo.

Baba alirudi msikitini nikiwa katikati ya maelezo. Niliinamisha kichwa tu, shikamoo nikaimezea. Akajimiminia kahawa, akavuta kigoda, akaketi nyuma yangu. Alikuwa na miaka 76, mvuvi tangu utotoni, na Kiingereza hakijui. Lakini nilikuwa nimebandika picha ya nyumba moja ya Shishmaref iliyolala ubavu ukingoni mwa bahari, na ile haikuhitaji tafsiri. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilipomaliza na mwalimu kuuliza kama kuna swali, baba akanigusa bega.

"Mwanangu, waulize. Makaburi yao watayafanyaje?"

Niliona aibu. Aibu yenyewe haikuwa ya baba. Ilikuwa ya kurasa zangu 22, kwa sababu neno kaburi halikuwemo hata mara moja. Nikawatafsiria.

Kimya. Kisha akafungua kipaza sauti mwenzetu mmoja ambaye kwa kawaida hasemi sana. Nilijua anatoka Alaska, basi. Alisema ukoo wao ni wa hukohuko Shishmaref. Bibi yake amezikwa pale, na shangazi yake alikuwa mmoja wa wale 78. Hakutaka kuhama na kumwacha mama yake peke yake na bahari. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akatuuliza: huyo mzee, kwani naye ana mahali palipoliwa na maji?

Nilimweleza baba. Akaweka kikombe chini.

"Mwambie Maziwe."

Akasimulia, nami nikitafsiri kipande kwa kipande. Ujanani walikuwa wakipiga dago, yaani kambi ya wavuvi, kisiwani Maziwe, karibu na Pangani, wanalala chini ya mivinje, wanakausha samaki, na usiku wanawasikia kasa wakipanda mchangani kutaga. Mivinje ilianguka mmoja mmoja hadi ikaisha. Leo hakuna hata kichaka. Maji yakijaa kisiwa chote kinazama, yakitoka unauona mchanga mweupe unang'aa. "Mwambie hakuna mtu aliyezikwa pale," akasema. "Lakini kasa hawajui kama kisiwa kimekwisha. Bado wanakwenda kutaga, na mayai yanachukuliwa yakafukiwe huku bara yasije yakafa maji."

Neno kasa lilinishinda sekunde chache. Nililijua kwa Kiingereza, ila koo lilinikaba.

Dirishani kwangu jua lilikuwa limeshachomoza, kuku wa jirani wako uani. Kwenye skrini, nyuma ya mwalimu, theluji iligeuka rangi ya waridi kisha ya buluu. Kwao ndiyo lilikuwa linazama. Bando lilikuwa ukingoni, picha zinakwama na kuachia. Yule mwenzetu akaniomba nimwandikie jina la kisiwa, herufi kwa herufi. Nikaandika: Maziwe.

Baba akatafuta miwani yake, akanipa kalamu na bahasha ya zamani.

"Na la kwao niandikie mimi. Kwa herufi kubwa."