Mteja Ambaye Sikuwahi Kumpeleka kwa Msimamizi Wangu

Mimi ni kocha, si wa michezo, bali wa kumsaidia mtu kwa mazungumzo aione mwenyewe njia katika kazi yake. Wakati fulani nilikuwa na wateja wawili ambao naweza kuwaeleza hapa, kwa kuwa wote wamenipa ruhusa na nimebadilisha kila jambo linaloweza kuwatambulisha. Wa kwanza alikuwa akiahirisha vikao dakika za mwisho, akija amenuna na kuondoka bila kusema kama nimemsaidia. Huyo nilimpeleka kwa msimamizi wangu wa kitaalamu mara 3 mfululizo, nikiwa na kurasa za maelezo mkononi. Wa pili alikuwa meneja wa idara, mwanamke makini, aliyefika kabla ya muda, akatekeleza tuliyokubaliana na kunishukuru kila tulipoagana. Tulikwisha kukaa vikao 8 bila mimi kumtaja kwa msimamizi wangu hata mara moja, kwa sababu sikuona la kutaja. Huyo wa pili ndiye aliyenifundisha kwamba sehemu ya kazi yetu inayohitaji zaidi jicho la mtu mwingine mara nyingi ni ile ambayo haitujii hata akilini kuipeleka.

Neno “usimamizi” lina uzito wake, na nimeona likiwatia hofu makocha wapya. Ofisini, msimamizi ni mtu anayekugawia kazi, anayeidhinisha likizo yako na kukujazia fomu ya tathmini. Msimamizi wa kitaalamu wa kocha, au wa mlezi wa kitaaluma, yaani mtu mzoefu anayemwongoza mwenzake mchanga kazini, hana mamlaka hayo. Ni mtaalamu mwenye uzoefu, aliyejifunza kazi hiyo mahususi, ambaye kwa kawaida unamchagua na kumlipa wewe mwenyewe, ili mketi pamoja mara kwa mara na kuiangalia kazi yako na wateja wako kwa utulivu ambao chumba cha kikao hakikupi. Desturi hii ni kongwe kuliko taaluma ya ukocha tunayoifanya leo. Wachambuzi wa nafsi, yaani watabibu wa kisaikolojia wa mkondo wa Freud, waliokuwa wakifunzwa Berlin katika miaka ya 1920 walitakiwa kuwazungumzia wagonjwa wao kwa mchambuzi mzoefu kama sehemu ya mafunzo yao, wataalamu wa ustawi wa jamii wakaikuza kwa njia yao, washauri nasaha wakafuata, na sisi tumeirithi kutoka kwa wote hao.

Brigid Proctor, aliyeandika nchini Uingereza katika miaka ya 1980 kuhusu usimamizi wa washauri nasaha, aliigawa kazi hii katika mambo matatu: kulinda viwango na maadili, kumkuza mtendaji katika ujuzi wake, na kumrudishia nguvu anapoelemewa na mizigo ya watu wengine. Sijapata mgawanyo unaonifaa zaidi ya huo. Masikitiko yangu ni kwamba makocha wengi tunaikumbuka sehemu ya pili peke yake, tukaenda kwa msimamizi kama mwanafunzi anayekwenda kuuliza swali la hesabu, huku zile nyingine mbili zikisubiri mpaka mtu aharibu jambo au achoke kabisa.

Kuhusu kiasi, Baraza la Ulezi na Ukocha la Ulaya, lijulikanalo kwa kifupi chake EMCC, limekuwa na mwongozo wa saa 1 ya usimamizi kwa kila saa 35 za kazi na wateja, isipungue mara 1 katika kila robo ya mwaka. Shirikisho la Kimataifa la Makocha, ICF, huwadai wanaotafuta ithibati yake jambo jingine, yaani saa 10 za kulelewa na kocha mzoefu katika muda usiopungua miezi 3, ambapo vikao vyako husikilizwa na kulinganishwa na vigezo vya umahiri. Mambo haya mawili huchanganywa sana. Kulelewa kwa namna hiyo hushughulika na ulivyotumia stadi zako. Usimamizi huuliza pia ni nani aliyekuwa akizitumia, alikuwa katika hali gani siku hiyo, na kulikuwa na nini baina yake na mteja.

Siku ninayotaka kuieleza nilifika kwa msimamizi wangu bila kesi ya mteja ya kuzungumzia. Mteja mgumu alikuwa amemaliza mkataba wake, na nilipendekeza tutumie saa yetu kuzungumzia upangaji wa ada. Msimamizi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Katika wateja ulio nao sasa, ni yupi ambaye sijawahi kusikia habari zake?” Nikamtaja meneja yule kwa herufi moja, kama tunavyofanya kwa wote, nikaongeza upesi kwamba huyo anaendelea vizuri. Nilikuwa na rekodi ya kikao chetu cha karibuni, iliyochukuliwa kwa idhini yake ya maandishi. Akaniomba tusikilize dakika 4, popote nitakapopenda mwenyewe, nami nikachagua mahali nilipopaonea fahari.

Katika rekodi hiyo mteja anamzungumzia naibu wake ambaye haamui lolote bila kumuuliza. Anasema, “Nadhani nikimwachia ile ripoti, labda mimi…” kisha ananyamaza. Kimya chake hakifiki hata sekunde 2. Sauti yangu inaingia, ya upole, yenye heshima: “Kwa hiyo unaona ungeweza kumpa ripoti moja kwa majaribio, kisha mkae muitathmini pamoja.” Anajibu, “Ndiyo, kabisa, asante,” na kalamu inasikika ikiandika. Msimamizi wangu alirudisha kipande hicho, tukakisikiliza tena, akakirudisha mara nyingine. Mara ya 3 nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia ndani ya chumba: kabla ya kusema “ndiyo”, mteja anashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu mlangoni akaambiwa hakuna haja ya kuingia nacho.

“Baada ya ‘labda mimi’, alikuwa anataka kusema nini?” Sikujua. Vikao 8, na sikujua.

Akaniuliza tena, “Alikuja kwako kwa shida gani?” Nikamweleza kwamba walio chini yake hawafanyi uamuzi. Kwa nini hawafanyi? Kwa sababu, nilisema, yeye huwapa jibu kabla hawajamaliza swali. Niliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu na sikuweza kuendelea. Lile alilokuwa akiwafanyia watu wake ofisini ndilo nililokuwa nikimfanyia yeye tangu kikao cha kwanza, naye alilipokea kwa shukrani ileile ambayo bila shaka naibu wake alikuwa akimpa yeye, na sote wawili tulikuwa tukiliita maendeleo.

Harold Searles, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1955 kwamba yanayopita kati ya mgonjwa na mtabibu huweza kujitokeza upya kati ya mtabibu na msimamizi wake. Waandishi wa fani hii huuita mchakato sambamba, nami huuita mwangwi, maana ndivyo ulivyonifikia masikioni. Siku ile haukuishia kwangu. Msimamizi wangu alinieleza kwamba mara 2 alikuwa ametamani kunimalizia sentensi, jambo ambalo si kawaida yake, na kwamba tamaa hiyo ndiyo iliyomfanya aombe turudie kile kipande. Peter Hawkins na Robin Shohet, walipotunga katika miaka ya 1980 mfumo wa usimamizi wenye macho saba, yaani pembe saba za kuiangalia kazi, waliutengea uhusiano wa msimamizi na anayesimamiwa jicho lake, na yale anayoyahisi msimamizi ndani yake wakati huohuo wakayapa jicho jingine, la sita. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote na ningeweza kuyachora ubaoni. Sikuwa nimewahi kuona jicho la sita likifanya kazi mbele yangu.

Kisha akauliza ni nini kinachonipata mteja anaponyamaza. Nilimjibu kwamba kifua hubana, na kwamba, nikisema kweli, huwa ninaogopa kuwa kimya hicho kikirefuka mteja atagundua sina ninachompa. Hakuuliza hofu hiyo ilizaliwa lini wala na nani. Aliuliza inaingiaje katika vikao vyangu, kwa wateja wa aina gani, na inavaa sura gani hata isitambulike, kisha akasema kwamba nikiona chimbuko lake linanisumbua, kuna wataalamu wa tiba ya kisaikolojia wanaofaa kwa kazi hiyo. Ninaushukuru sana mpaka ule. Msimamizi anayegeuka mganga wa anayemsimamia anampotezea mteja saa yake, kwa sababu hata asipokuwepo chumbani, ni kwa ajili ya mteja tunaketi pale.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na makocha tunakubali haraka, kisha tunafanya kinyume chake kwa njia ya chinichini: tunajichagulia wenyewe kesi za kupeleka. Usimamizi unategemea karibu kabisa kile ambacho anayesimamiwa anaamua kukileta, na uamuzi huo hufanywa na macho yaleyale yenye upofu unaohitaji kuonwa. Mteja anayetusumbua tunampeleka kwa sababu tunaumia. Anayetusifu tunambakiza nyumbani, na vivyo hivyo yule anayelipa vizuri kiasi kwamba tungependa mkataba wake usiishe, yule tunayemstahi mno, na yule ambaye mwajiri wake, anayelipa ada, ametuuliza pembeni “anaendeleaje” nasi tukajibu kidogo kuliko alivyotaka na zaidi ya tulivyopaswa. Hili la mwisho lingehitaji makala yake. Nimeona mikataba ya pande tatu, yaani ya kocha, mteja na mwajiri, iliyoandikwa vizuri ikivunjwa kwa sentensi moja ya kirafiki kwenye korido, na kocha husika hakuwa na habari kwamba ameshavunja kitu.

Walezi wa kitaaluma wako katika hali ngumu kuliko sisi, nami ninalisema hili kwa uchungu. Wengi wao ni wafanyakazi waandamizi waliojitolea, waliopewa mafunzo ya nusu siku na jina la mtu wa kumlea, basi. Mlezi anatoa uzoefu wake mwenyewe, na hiyo ndiyo thamani yake, lakini uzoefu huohuo humfanya amwone kijana kama yeye alivyokuwa zamani, ampe dawa ya ugonjwa wake mwenyewe na kusikitika isipofanya kazi. Nani atamwambia? Anayelelewa hathubutu. Pale ambapo hakuna fungu la kuwalipia wasimamizi, kikundi cha walezi 5 au 6 wanaokutana kwa ratiba, chini ya mwongozaji anayejua kazi yake, kinaweza kusaidia sana. Michael Balint alifanya jambo la jamii hiyo na madaktari wa kawaida mjini London kuanzia miaka ya 1950: daktari alisimulia habari za mgonjwa mmoja bila kusoma faili, na wenzake wakasikiliza zaidi namna anavyomsimulia kuliko ugonjwa wenyewe. Yale aliyoyasahau kutaja yalikuwa na maana sawa na aliyoyataja.

Tangu siku ile nimebadilisha mambo machache. Mteja mpya ninamwambia mwanzoni kabisa, na ninaandika katika mkataba, kwamba kazi yangu huangaliwa na msimamizi, kwamba jina lake halitajwi huko, na kwamba usiri una kikomo pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kila baada ya vikao 2 ambavyo ninachagua kesi mwenyewe, cha 3 ni cha msimamizi kuchagua. Ninaweka mezani karatasi yenye herufi za wateja wangu wote, naye anaweka kidole juu ya mmoja bila kunieleza sababu. Huwa ninajikuta nikianza kueleza kwa nini yule mwingine angefaa zaidi, na maelezo hayo tunayaandika pia.

Kwa meneja yule nilirudi wiki 2 baadaye. Nilimwambia nilichokisikia katika rekodi, kwamba nilikuwa nikimkatiza, na kwamba ningependa kurudi mahali aliposema “labda mimi”. Alitabasamu, akafungua daftari lake, akalifunga. Nilikaza mikono yangu juu ya magoti na nikaacha kimya kiende. Sikuhesabu sekunde, lakini kilikuwa kirefu kuliko kimya chochote tulichowahi kuwa nacho. Hatimaye akasema, bila kuniangalia, “Labda mimi ndiye ninayeogopa kwamba akiiandika vizuri, hawatanihitaji tena.” Hatukupanga lolote la kutekeleza siku hiyo. Alipoondoka hakunishukuru, na jioni ileile niliandika herufi yake juu kabisa katika karatasi ya kikao kijacho na msimamizi wangu.