Jioni ya kupaka rangi ubongo wa panya anayenyonyesha

Nilipokuwa nasomea uzamili, jioni moja tulipaka rangi vipande vya ubongo wa panya aliyekuwa ananyonyesha, tukitafuta seli zinazotengeneza nitriki oksidi. Gesi hii hudumu sekunde chache tu mwilini, haikamatiki kwenye kipande kilichokatwa. Kinachotafutwa ni kimeng'enya kinachoizalisha kutoka kwa arjinini.

Ubongo ulishapitishiwa paraformaldehaidi ya asilimia 4, dawa ya kuhifadhi tishu, ukalazwa kwenye maji ya sukari ya asilimia 30 hadi ukazama, ndipo ukakatwa kwa unene wa mikromita 40. Kazi nyingi huharibikia kwenye paraformaldehaidi. Vimeng'enya vingine navyo hushika rangi hii, na dawa hiyo ndiyo inayovizima huku ikikiacha tunachokitaka. Isipopenya sawasawa, kipande kizima hugeuka zambarau, na hapo huna cha kusoma.

Kwa mililita 10 za bafa ya fosfati (myeyusho unaodumisha pH) yenye pH 7.4 tulitia miligramu 10 za NADPH, molekuli inayotoa elektroni, miligramu 2.5 za nitrobluu tetrazoliamu, ambayo kimeng'enya huigeuza buluu kwa elektroni hizo, na mikrolita 30 za Triton X-100, sabuni ya kusaidia dawa kupenya. Tetrazoliamu ni kaidi kuyeyuka. Kiyeyushi cha DMSO kidogo huisaidia kuyeyuka. Kisahani kimoja hakikutiwa NADPH, kiwe cha kulinganishia. Vyote vikafunikwa visipigwe na mwanga, vikaingia kwenye joto la nyuzi 37.

"Chunguzeni kila baada ya dakika kumi," mwalimu alisisitiza, "msingoje saa iishe."

Kabla ya saa kutimia, chini kabisa ya kipande, kando ya makutano ya neva za macho, likajitokeza kundi la seli za buluu nzito zilizobanana, baadhi zikionyesha hata matawi yake. Hicho ndicho kiini cha supraoptiki, yaliko makao ya seli za oksitosini, homoni inayosukuma maziwa. Kisahani cha kulinganishia kilibaki cheupe.

Nilisisimka, kwa sababu vitoto vya panya hunyonya mfululizo lakini maziwa huja kwa mikupuo. Kila baada ya dakika kadhaa seli za oksitosini hufyatua kwa pamoja kwa sekunde 2 hadi 4, homoni ikamwagika kwenye damu kupitia pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, na muda mfupi baadaye maziwa yakasukumwa. Nitriki oksidi huzituliza, kwa sehemu kwa kuongeza GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli, inayozifikia. Breki imewekwa palepale penye mfyatuko!

Lakini buluu huonyesha kimeng'enya tu, si gesi inayotoka, wala haitenganishi seli za oksitosini na jirani zake za vasopresini, homoni nyingine. Vipande vilivyofuata tukavitengea kingamwili zinazoshika oksitosini, ili tuzitambue seli zake.