Mkono wa Baba Kwenye CD ya Tatu

Masika ya 2003, Tukuyu, mkoani Mbeya. Mvua ya kule ikianza saa kumi jioni inaweza kukesha. Banda la video nililokuwa nikiliendesha jirani na stendi lilikuwa la mbao, paa la bati tupu bila dari: televisheni ya inchi 21, deki moja, spika mbili, na mabenchi ya watu 40 wakibanana. Kiingilio shilingi 100.

Jumapili hiyo niliweka picha la Kihindi, Dilwale Dulhania Le Jayenge, la mwaka 1995, steringi Shah Rukh Khan na mwenzake Kajol. Ni dakika 189. CD moja ya video hubeba kati ya dakika 74 na 80, kwa hiyo lilikuja kwenye CD tatu, na kila unapobadilisha CD unawapa watu nafasi ya kuondoka. Picha la mapenzi likiwa bovu, hapo ndipo mabenchi yanapopungua.

Kijana wetu alikuwa akitafsiri kwa maiki. CD ya pili haijafika mbali, mvua ikashuka. Bati likalia mpaka maiki ikawa haina kazi. Nikaongeza sauti hadi mwisho, spika zikaanza kukwaruza, nikarudisha chini. Nikajua sasa watadai hela zao. Hakuna aliyeinuka. Walitazama picha la lugha wasiyoijua, bila mtafsiri, kwa zaidi ya saa nzima, na hawakupotea hata mara moja.

Sababu naziona tatu. Kwanza, kizuizi cha wapenzi kilikuwa mtu, tena mtu mwenye haki yake. Baba wa binti ameshatoa neno kwa rafiki yake wa zamani huko Punjab kwamba binti ataolewa na mtoto wa huyo rafiki. Mama anawaletea wapenzi dhahabu na kuwasihi wakimbie. Steringi anakataa: anamtaka binti, lakini anataka apewe na baba yake. Hapo hapahitaji maiki. Kule Tukuyu, nchi ya Wanyakyusa, mahari ni ng'ombe, na ng'ombe ni neno kati ya koo mbili. Kila aliyekaa pale alijua kumtorosha binti ni nini na hulipwaje. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeonyesha picha jingine ambalo wapenzi wanaachana kwa sababu barua imeangukia mikono isiyohusika. Swali moja tu lingemaliza kila kitu. Watu walipiga kelele, "Si amuulize!", na kufika CD ya pili nusu ya banda ilikuwa tupu. Kutoelewana hakubebi picha la saa tatu. Mtazamaji anamkasirikia mtunzi, na akishamkasirikia hawezi tena kuwahurumia wapenzi.

Pili, picha lile lilikuwa limewekeza. Sehemu nzima ya kwanza, safari ya Ulaya, wawili wale wanagombana, wanachelewa treni, wanalazimika kuwa pamoja. Mtengenezaji mwenye haraka huikata sehemu hiyo ili afike kwenye machozi, halafu anashangaa machozi hayatoki. Mtu hawezi kulilia kitu ambacho hajaonyeshwa.

Tatu ni mikono, na hapa ndipo CD ya tatu ilipotutesa.

Safari ile ya Ulaya inapoanza, London, binti anaikimbilia treni inayoondoka, na steringi anamnyooshea mkono kutoka mlangoni. Mwishoni ni stesheni tena, treni tena, mkono uleule umenyooshwa, ila safari hii baba amemshika binti kifundo cha mkono. Picha likafika hapo, likavunjika vimraba, likaganda. Deki husoma CD kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa hadithi huwa karibu na ukingo, palepale watu wanaposhika kwa vidole. Nikaitoa, nikaifuta kwa pamba, nikairudisha. Deki ilikuwa imesahau mahali, ikaanza mwanzo wa CD. Nikaikimbiza kwa kasi ya mara nane, dakika kama saba hivi, watu wote macho kwenye kioo. Hata kwa kasi ile walikuwa wakionyeshana: huyu baba, yule mchumba, hawa wanapigana.

Tukafika. Treni inaanza kutembea. Baba hajaachia. Mama mmoja muuza ndizi, aliyekaa karibu na deki, alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anaongea na mkwewe, "Mwachie, baba. Mwachie mtoto aende."

Vidole vikafunguka.

Nakumbuka niligeuka kuwatazama watu badala ya kioo, maana hiyo ndiyo kazi ya mwenye banda. Hawakushangilia steringi. Walishangilia baba. Yeye ndiye aliyelipa: neno lake kwa rafiki, heshima yake mbele ya watu. Wapenzi wakishinda kwa bahati tu, adui akagongwa na gari dakika ya mwisho, hakuna aliyelipa na mtazamaji anatoka na njaa. Ndiyo maana Titanic ya 1997 iliwaridhisha watu hata steringi alipokufa, jambo ambalo bandani kwetu lilikuwa mwiko. Kijana wa Titanic aliahidi kumfundisha binti kupanda farasi kama mwanamume, na mwishoni, kwenye picha za maisha yake, binti yuko juu ya farasi, miguu huku na huku. Deni limelipwa bila neno.

Na baada ya vidole kufunguka, picha likaisha upesi. Binti anakimbia, anadakwa, wanakumbatiana, basi. Harusi haikuonyeshwa, na hakuna aliyeiulizia.

Mvua ilikuwa bado inapiga. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, turudishie pale anapomwachia." Nikarudisha. Wakaomba tena, nikarudisha mara ya tatu, bila hela. Kisha nikaitoa ile CD, nikaifuta upya kwa pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia ileile inayosomwa na deki na kipande kizima kinapotea. Nikaiweka kwenye jalada lake peke yake.