Jinsi nilivyolipwa fidia baada ya kusingiziwa wizi dukani

Mlinzi wa duka kubwa jijini Nairobi alinishika mbele ya wateja na kuniita mwizi, ilhali risiti nilikuwa nayo mkononi. Siku hiyo hiyo nilimwandikia meneja nikiomba picha za kamera kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kabla hazijafutwa. Mahakama ya Madai Madogo haisikilizi kesi za kashfa, yaani za kuchafuliwa jina, na kesi hizo lazima zifunguliwe ndani ya miezi 12, muda ambao naona ni mfupi mno kwa mtu aliyevunjiwa heshima. Wakili wangu aliwapelekea wenye duka barua ya madai, nakala ya risiti na maelezo ya shahidi aliyekuwapo, nao wakalipa fidia na kuniomba radhi kwa maandishi.